Orodha ya mikopo ya Marekani, vikapu vya Chicago na hii kelele ya "OT sio taaluma"

Tangu Novemba 2025 kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa afya, umeforwadiwa mpaka hauna mwenyewe tena, unasema Marekani imeifuta tiba kwa vitendo, yaani OT, ile ya kumfundisha mgonjwa tena shughuli za kila siku, kwenye orodha ya taaluma, pamoja na uuguzi, fiziotherapi na ustawi wa jamii. Chini ya ujumbe watu wamegawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Huku wanasema hiyo ni dharau, fani ina masta mpaka dokta halafu mtu anakaa ofisini Washington anasema sio taaluma. Kule wanacheka, wanasema afadhali imesemwa, kwani hawa si walianza kwa kuwakalisha wagonjwa wa akili wafume vikapu, tangu lini vikapu vikawa udaktari. Mi naona wote wamepotea. Ile orodha ni ya mikopo ya wanafunzi, haijamfuta mtu. Na wanaoitetea fani kwa kuhesabu vyeti wanajimaliza wenyewe, maana shule inayotajwa kuwa ya kwanza ya fani hii, pale Chicago, haikutoa digrii hata moja na bado ndo iliyoipa fani mbinu zake, na ukifuatilia vyeti vilivyokuja kurundikana baadae utakuta ni hivyohivyo vilivyoitumbukiza kwenye shimo la mikopo lililopo leo.

Tuanze na hiyo orodha yenyewe maana wengi wanaoibishania hawajaiona. Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya kodi na matumizi, na ndani yake kukawa na vipengele vya mikopo ya serikali kwa wanaosoma zaidi ya digrii ya kwanza. Ule mkopo wa zamani uliokuwa unamruhusu mwanafunzi kukopa mpaka gharama yote ya chuo, uliokuwepo tangu 2006, unafutwa, na kuanzia tarehe 1 Julai 2026 kunakuwa na madaraja mawili. Mwanafunzi wa kozi ya kawaida ya juu atakopa mwisho dola 20,500 kwa mwaka na jumla dola 100,000, wa kozi inayoitwa ya kitaalamu atakopa dola 50,000 kwa mwaka na jumla 200,000. Sasa ikabidi iamuliwe kozi gani ni ya kitaalamu, na kamati iliyoitishwa na Wizara ya Elimu ikakubaliana Novemba kubaki karibu na maelezo ya zamani yaliyokuwa yameandikwa kwenye kanuni: udaktari wa binadamu, meno, famasia, mifugo, sheria, macho, miguu, wale wa kunyoosha mgongo, theolojia, wakaongezea na saikolojia ya kitabibu. Tiba kwa vitendo haimo, uuguzi haumo, hata uhasibu na usanifu majengo havimo. Hakuna leseni iliyofutwa, hakuna hospitali iliyoambiwa iwaondoe watu wake. Ni kiwango cha kukopa basi.

Kwa asiyejua, OT ndo hiyo tiba kwa vitendo, ingawa ukitamka OT kwenye hospitali zetu nusu ya watu wanafikiria ovataimu na nusu nyingine chumba cha upasuaji, na hilo peke yake linakwambia fani ina shida gani ya kujulikana. Mjomba wangu alipopata kiharusi, mtu wa fiziotherapi alimfanyia mazoezi ya mguu tukamwelewa vizuri tu, mguu umelala anauamsha. Kisha akaja dada mmoja na shati la mikono mirefu lenye vifungo, akaliweka kitandani, akamwambia mjomba anza na mkono ule usiofanya kazi, uingize kwanza, ule mzima utafata. Wiki nzima shati. Sisi ndugu tukawa tunatazamana, yaani tumelipia mtu aje kumvalisha mzee shati? Siku mzee alipofunga kifungo cha tatu peke yake akaomba apelekwe kwenye kioo. Nasimulia hili kwa sababu ukiiangalia hii kazi kwa nje ni rahisi kuidharau, inafanana na vitu ambavyo kila mtu anafanya nyumbani kila asubuhi bila kusomea, na hiyo ndo imekuwa balaa lake tangu siku ya kwanza.

Siku ya kwanza yenyewe nadhani ianzie kwa mama mmoja anaitwa Julia Lathrop. Mwaka 1893 gavana wa Illinois alimteua kwenye bodi ya misaada ya jimbo, na huyu mama badala ya kukaa kwenye vikao akazunguka nyumba za maskini za kaunti zote 102 za jimbo zima, majira ambayo uchumi ulikuwa umeanguka na nyumba zile zimejaa. Humo alikuta wazee, vipofu, watoto na wagonjwa wa akili wamechanganywa pamoja, na kilichomuuma zaidi ni watu waliokaa miaka bila kufanya chochote, mtu ameketi benchi asubuhi mpaka jioni, kesho tena. Wahudumu wa hospitali za jimbo walikuwa wanapatikana kwa kupeana kisiasa, chama kikishinda kinaleta watu wake, mtu ambaye juzi alikuwa anabandika mabango ya kampeni leo amepewa wodi. Lathrop alijiuzulu kwenye bodi mwaka 1901 kwa sababu ya mchezo huohuo, akarudi baadae. Kwa hiyo alivyoanza kufikiria mafunzo hakuwa anafikiria kuanzisha taaluma mpya yenye chama na nembo, alikuwa anatafuta namna ya kumfanya yule mhudumu wa wodi awe na kitu cha maana cha kufanya na mgonjwa zaidi ya kumfungia mlango.

Mwaka 1908 kozi ikaanza, Chicago School of Civics and Philanthropy, chuo kilichokuwa kinafundisha watu wa kazi za jamii, kozi fupi ya kiangazi kwa ajili ya wahudumu na wauguzi wa hospitali za akili, wajifunze kazi za mikono na michezo na namna ya kuzitumia kwa wagonjwa. Na hapa mtu akikwambia vikapu, mwambie ndio, vilikuwepo, na ufumaji, na useremala, na kushona vitabu. Ila swali la kuuliza ni vilitoka wapi. Lathrop alikuwa anaishi Hull House, nyumba ya jumuiya ya kuwasaidia maskini iliyokuwa ya mwanaharakati Jane Addams, mtaa wa Halsted, Chicago, katikati ya wahamiaji wa Kiitaliano, Kigiriki, Kirusi na wengine. Mwaka 1900 Hull House ilianzisha kitu walichokiita makumbusho ya kazi, kina mama wahamiaji wakawa wanakuja kuonyesha wanavyosokota uzi kwao, kila mmoja kwa mtindo wa nchi yake, na watoto waliokuwa wanamwonea mama aibu kwa sababu hajui Kiingereza na anavaa kitambaa kichwani wakamuona amesimama mbele ya wageni anaheshimiwa. Yaani pale walishaona kwa macho kwamba kazi ya mkono inaweza kumrudishia mtu heshima iliyopotea. Kikapu hakikuwa lengo. Anayecheka vikapu ni sawa na anayemcheka mwalimu wa chekechea kwamba anacheza na vizibo vya soda.

Sasa ndo anaingia Eleanor Clarke Slagle. Kazaliwa Hobart, kijiji cha jimbo la New York, mwaka 1870, akaolewa, ndoa ikavunjika, na mwaka 1911 akiwa na kama miaka arobaini akajiandikisha kwenye ile kozi. Digrii hakuwa nayo. Baada ya hapo akafanya kazi hospitali za akili, kisha Adolf Meyer, daktari Mswisi aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya akili Johns Hopkins kule Baltimore, akamchukua aongoze kitengo cha shughuli kwenye kliniki mpya ya Phipps. Meyer mwenyewe alianzia Illinois, hospitali ya Kankakee, miaka ileile ya 1893, na watu wa Hull House alikuwa anafahamiana nao, ni kamtandao kadogo tu ka watu wanaojuana. Mwaka 1915 hivi Slagle akarudi Chicago, akaanzisha karakana kwa ajili ya wagonjwa waliotoka hospitali, na chini ya jumuiya ya afya ya akili ya Illinois ikazaliwa shule iliyokuja kuitwa Henry B. Favill School of Occupations, kwa jina la daktari wa mjini hapo aliyefariki 1916. Hiyo ndo shule ninayoizungumzia. Iliishi mpaka 1920, miaka mitano tu, kuna vibanda vya chipsi vimedumu kuliko hiyo.

Lakini alichokuwa anakifundisha huyu mama ndo kiini, na hakuna mtu kwenye lile grupu amekigusa. Slagle aliita mafunzo ya mazoea. Chukua mgonjwa ambaye amekaa wodi ya nyuma miaka, hajioshi, anajikojolea, anakula kwa mkono akigombania sahani, madaktari wameshamkatia tamaa. Unampangia saa zote ishirini na nne. Anaamshwa saa ileile, anafundishwa kunawa, kupiga mswaki, kuvaa, kutandika kitanda, kukaa mezani na kushika kijiko, kwenda msalani kwa muda kabla hajajichafua. Baadae matembezi, muziki, mpira wa kurushiana, ngoma nyepesi. Akishika hayo ndo anapewa kazi ya mkono rahisi kabisa, rangi na uzi, kama watoto wa chekechea, anapandishwa darasa la wodi, anapandishwa kwenye kituo cha shughuli nje ya wodi, na mwisho karakana za hospitali ambako anafanya kazi karibu na kazi ya mtu mzima wa kawaida. Ni ngazi, kila kidato kina kipimo chake, na anayempandisha mtu lazima ajue kuangalia amechoka saa ngapi na nini kimemvuruga. Meyer alikuja kulisema hilo kwa lugha ya kisomi kwenye hotuba yake ya Baltimore mwaka 1921, kwamba maisha ya mtu yana mizani ya kazi, mchezo, mapumziko na usingizi, na ugonjwa wa akili kwa sehemu kubwa ni mizani hiyo kuvurugika. Ila ukisoma hiyo hotuba ujue kuna wanawake wenye ndoo na mataulo waliokuwa wanalifanya hilo wodini kabla halijapata filosofia.

Machi 1917 watu sita wakakutana Clifton Springs, New York, nyumbani kwa George Barton, msanifu majengo aliyepooza upande mmoja na akajitibu kwa kulima na useremala, wakaanzisha chama cha kitaifa cha fani hii. Slagle alikuwemo, na ndo chama kinachoitwa leo AOTA. Mwezi uliofuata Marekani ikaingia vitani, na hapo shule zikaota kama uyoga, Philadelphia, Boston, St. Louis, Milwaukee, zote 1918, kozi za kufyatua haraka kwa ajili ya jeshi. Wanawake wale waliitwa wasaidizi wa ujenzi mpya, wakavaa sare, wakapelekwa mpaka Ufaransa, wa kwanza wa fani hii wakafikia Hospitali ya 117 kule La Fauche iliyokuwa ya askari waliovurugwa akili na mizinga. Na sasa sikiliza vizuri hapa. Jeshi liliwaandika kama raia. Hawakupewa cheo, na vita ilipoisha wengi hawakuhesabika kama wanajeshi wastaafu. Vita ya pili ikaja, wataalamu wa lishe na wa fiziotherapi wakapewa vyeo, watu wa tiba kwa vitendo wakabaki raia tena, mpaka sheria ya Aprili 1947 ndo ikawaingiza kama maafisa. Kwa hiyo anayesema hii orodha ya 2025 ni jambo halijawahi kutokea hajafungua historia. Serikali ya Marekani imeshawahi kuandika orodha na kuiacha hii fani nje kwa miaka karibu thelathini, na mara zote mbili kilichokuwa kinahesabiwa ni pesa, pensheni na marupurupu kule, mikopo huku. Swali kama kazi inafaa au haifai halikuwa mezani, maana jeshi hilohilo lililowanyima vyeo ndo lilikuwa linaomba waletwe wengine haraka.

Baada ya vita fani ikajiuliza itaheshimiwaje, na jibu lililopatikana likawa cheti. Sio jibu la kijinga, niseme hivyo kabisa, maana kozi za kufyatua za wakati wa vita zilikuwa zimeleta na makanjanja, mtu ana wiki kadhaa za kufuma anajiita mtaalamu. Mwaka 1923 chama kikaweka kiwango cha chini, kozi isipungue miezi kumi na miwili na ndani yake kuwe na muda wa hospitali. Mwaka 1935 chama cha madaktari wa Marekani kikapitisha vigezo vya kuzitambua shule, kwa ombi la watu wa tiba kwa vitendo wenyewe, yaani walikwenda wenyewe kubisha hodi kwa madaktari. Shule huru za mijini zikaanza kumezwa na vyuo vikuu. Ikaja digrii ya kwanza kama kawaida. Kuanzia 2007 ikawa huwezi kuingia kazini bila masta. Mwaka 2017 bodi ya ithibati ikatangaza ifikapo 2027 wote waanze na udaktari, kelele zikapigwa na wanachama wenyewe, ikarudi nyuma, sasa hivi milango yote miwili iko wazi, masta na dokta. Kila ngazi ilivyopanda na ada ikapanda, na aliyekuwa anailipia ni yule mkopo usio na kikomo. Mgonjwa wa kiharusi anayefundishwa kuvaa shati hakuongezeka faida kwa kiasi hichohicho, na mshahara wa anayemfundisha haukuongezeka kwa kiasi hicho. Hapa ndo nasema vyeti vimechimba shimo.

Nipime sasa hoja zenyewe, nianze na ile yenye nguvu kuliko zote kwa wanaoilalamikia orodha. Kanuni ya zamani inaeleza kozi ya kitaalamu ni ile inayomwezesha mtu kuanza kazi fulani, inayohitaji ujuzi wa juu kuliko wa digrii ya kwanza, na ambayo kwa kawaida lazima uwe na leseni. Tiba kwa vitendo ya Marekani inatimiza yote matatu, leseni inahitajika kila jimbo na bila masta huingii. Tena zile taaluma zilizotajwa pale zilitajwa kama mifano, kanuni yenyewe ilikuwa inasema orodha haiishii hapo. Sasa kamati imeshika mifano ikaifanya mipaka, na hilo mwanasheria yeyote atakwambia lina walakini. Hoja ya pili ya upande huu ni ya jinsia, kwamba ukiangalia waliobaki ndani, mapadri na wachungaji, mawakili, madaktari, ni kazi zilizokuwa za wanaume wakati kanuni inaandikwa, na walioachwa nje, wauguzi, ustawi wa jamii, OT, ni kazi za wanawake. Naikubali nusu. Sidhani kuna mtu alikaa na nia ya kuwakomoa wanawake, maana wahasibu na wasanifu majengo nao wako nje, ila orodha ya zamani ilibeba upendeleo wa zamani na kuinakili leo ni kuunakili nao. Lathrop angeielewa hii ishu kwa dakika moja.

Upande wa pili nao wana hoja moja nzito. Wanasema mkopo usio na kikomo ulikuwa unavipa vyuo ruhusa ya kupandisha ada wapendavyo, na ukiweka kikomo chuo kinalazimika kujiuliza kama kozi inastahili bei yake. Ziko kozi za udaktari wa tiba kwa vitendo zinazopita dola 100,000 kwa ada peke yake, na anayemaliza anakwenda kufanya kazi ileile ya aliyemaliza masta, chumba kilekile. Wasiwasi wangu ni kwamba vyuo vinaweza visishushe ada, vikamuacha mwanafunzi akakope benki kwa riba ya kumkamua, na watakaoumia kwanza ni watoto wa maskini na weusi ambao fani tayari inawahitaji kuliko inavyowapata. Kwa hiyo hoja ni ya kweli ila haina uhakika, tutaona kuanzia Julai 2026.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayopata emoji za kucheka nyingi, ni ile ya vikapu, kwamba kitu kilichoanzia kwenye sebule ya Hull House kwa kufuma hakiwezi kuwa taaluma. Sawa, basi tuangalie waliomo kwenye orodha. Kunyoosha mgongo kulianza 1895 Davenport, Iowa, na mtu aliyekuwa anatibu watu kwa kile alichokiita sumaku, akafungua shule yake miaka miwili baadae. Shule hiyo imeitangulia kozi ya Lathrop kwa miaka kumi na moja tu, na wale wako ndani. Upasuaji ulikuwa kazi ya vinyozi. Famasia ilikuwa duka la viungo. Kama asili ya chini ndo kipimo basi orodha ibaki na theolojia peke yake, na hata hao ukirudi nyuma sana walikuwa wavuvi. Mwanzo wa kitu haukwambii thamani yake ya leo, na anayetumia vikapu kama tusi anasahau pia kwamba mgonjwa yule wa wodi ya nyuma aliyefuma kikapu alikuwa hajashika kitu kwa akili yake kwa miaka.

Ila watetezi nao waache kujibu kwa kusema sisi tuna udaktari siku hizi. Jibu hilo linamkubalia mpinzani kwamba zamani, kabla ya digrii, ilikuwa si kitu. Slagle kwa kanuni za leo asingepata leseni ya kumgusa mgonjwa popote Illinois, na hotuba yenye heshima kubwa kuliko zote ya chama chao inaitwa kwa jina lake. Huwezi kumtundika ukutani halafu ukasema bila masta mtu si mtaalamu. Taaluma yake ilikuwa kwenye kujua ngazi, kwenye kumwangalia mgonjwa kwa saa ishirini na nne, na kwenye kukubali kupimwa kwa matokeo ya wodini. Hilo ndo lilipaswa kuwa la kwanza kutetewa mbele ya kamati, lete wagonjwa, onyesha wanaorudi kujihudumia, onyesha kitanda kinachoachwa mapema.

Na hapa ndo linakuja kwetu. Watu wa tiba kwa vitendo wa Tanzania wengi wamepita KCMC Moshi, Kenya wamepita KMTC, diploma ikiwa ndo uti wa mgongo na digrii zikija baadae. Shirikisho la dunia la fani hii, lililoanzishwa 1952, linadai angalau masaa 1,000 ya mafunzo kazini, ukiwa na mgonjwa mbele yako. Naona siku hizi kwenye mijadala yetu diploma inaanza kuonewa aibu, kila mtu anataka kuruka kwenda masta, na mzigo wa wazazi wenye watoto wa usonji na wa mtindio wa ubongo unaongezeka mijini wakati wilayani hakuna mtu kabisa. Nani alisema lazima tufate mlolongo uleule wa Marekani, 1923, 1935, 2007, mpaka na sisi tufike kwenye shimo lao? Tuwe na wenye digrii na masta, wawepo, wafundishe na wafanye utafiti, sipingi. Ninachopinga ni kufunga mlango wa chini. Kozi ya 1908 ilikuwa ya yule aliyeko wodini tayari, mhudumu anayeamka na mgonjwa, analala naye, anayejua nani hali chakula akinyamaziwa. Kwenye wodi zetu za afya ya akili mtu huyo yupo, ana miaka ishirini kazini, na hakuna aliyewahi kumpa hata wiki sita za mafunzo ya namna ya kumrudisha mgonjwa kwenye mswaki na kijiko. Hapo mi ningeanza kesho asubuhi.

Niliweka kwa kifupi haya kwenye grupu, hizo dola 20,500 na 50,000 na tarehe ya Julai. Kimya kikapita, kisha muuguzi mmoja akauliza, samahani kaka, kwa hiyo mkopo wetu wa Bodi hauguswi? Nikamwambia hauguswi dada, hiyo ni ya Marekani, ila Bodi yetu nayo ina makundi yake ya kozi za kipaumbele, na sijawahi kumsikia mwanafunzi wa kozi isiyo ya kipaumbele akilia kwamba serikali imeifuta taaluma yake. Analia hajapata boom.